Kuhifadhi kwa Amri na Kuhifadhi kwa Madaraka: Funzo la Ngitili za Shinyanga

Kada akiitwa kuzungumza juu ya mazingira mara nyingi huanza na miti. Hutaja idadi ya miche iliyogawiwa, ukubwa wa eneo lililopandwa, na jina la mgeni rasmi aliyeshika jembe. Sisi katika makala haya tunataka kuanza mahali pengine. Tunataka kuanza na swali ambalo mwanafunzi wa siasa hana budi kuliuliza mbele ya kazi yoyote ya umma: nani anaamua, nani anatoa jasho, na nani anavuna? Miche haiwezi kujibu swali hilo. Historia ya watu walioipanda, au waliokataa kuipanda, ndiyo inayoweza.

Siku hizi umezuka msamiati mpya. Tunasikia "haki ya tabianchi", "ushirikishwaji wa jamii", "haki baina ya vizazi". Maneno haya si mabaya. Mengine ni mazuri sana. Lakini neno zuri lisipochambuliwa hugeuka kuwa kibwagizo, na kibwagizo huitikiwa na kila mtu, mnyonyaji na mnyonywaji kwa sauti moja. Kwa hiyo tutayapima maneno hayo kwa kipimo cha mahali pamoja panapojulikana, yaani Shinyanga.

Kwanza tuliweke wazi lile la ulimwengu. Joto la dunia linapanda kwa sababu ya hewa ya ukaa na gesi nyingine zinazotokana hasa na kuchoma makaa ya mawe, mafuta na gesi ya ardhini. Hewa hiyo haitoweki mwaka unapokwisha. Sehemu yake kubwa hukaa angani kwa mamia ya miaka. Moshi wa viwanda vya Ulaya vya karne ya 19 bado uko juu ya vichwa vyetu. Bara la Afrika lina karibu watu 18 katika kila watu 100 wa dunia, lakini mchango wake katika gesi hizo hauzidi asilimia 4 kwa mwaka. Utajiri uliojengwa kwa moshi huo umebaki Kaskazini, na gharama zake zimegawiwa ulimwengu mzima. Aliyesoma uchumi wa kikoloni ataona hapa sura anayoifahamu.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1992 ulikubali jambo hili. Ulisema mataifa yote yana wajibu, lakini wajibu wao haulingani, na ulitaja vizazi vilivyopo pamoja na vizazi vijavyo. Mwaka 2009, kule Copenhagen, mataifa tajiri yaliahidi kwamba ifikapo mwaka 2020 yangekuwa yanatoa dola bilioni 100 kila mwaka kwa nchi maskini. Kwa hesabu zao wenyewe, kiwango hicho kilifikiwa mwaka 2022, na sehemu kubwa ya fedha hizo ilikuwa mikopo. Yaani aliyeunguza nyumba ya jirani anamkopesha jirani huyo bati, kwa riba. Mwaka 2024, kule Baku, ahadi ilipandishwa hadi dola bilioni 300 kwa mwaka ifikapo 2035, wakati nchi zinazoendelea zilikuwa zikidai trilioni 1.3.

Tunayasema haya mapema ili tusieleweke vibaya huko mbele. Maana yuko kada ambaye akishamlaumu beberu hudhani amemaliza kazi. Ubeberu ni sababu kubwa, lakini ubeberu haukai Washington na London peke yake. Unayo mizizi katika namna sisi wenyewe tunavyogawana ardhi, maji, kuni na madaraka ya kuamua. Mkulima wa Kishapu hawezi kuzima mtambo wa makaa ya mawe wa ng'ambo. Anachoweza ni kuamua malisho ya kijiji chake yafungwe lini na yafunguliwe lini. Je, anaachiwa aamue?

JANGWA LILITENGENEZWA

Katika miaka ya 1980 Shinyanga ilikuwa ikiitwa jangwa la Tanzania. Jina hilo lilitisha, na lilikuwa na hatari yake: lilifanya ukame uonekane kama tabia ya mahali, kana kwamba Mungu aliiumba nchi ile bila miti. Wazee walijua sivyo. Walikumbuka misitu ya miombo na migunga, na nyika zenye nyasi za kuezekea. Jangwa lile lilitengenezwa na mikono ya watu, na mikono hiyo iliongozwa na nguvu fulani za kiuchumi na kisiasa.

Kuanzia miaka ya 1920 serikali ya kikoloni ya Waingereza iliendesha kampeni ya kufyeka vichaka ili kufukuza mbung'o. Makao ya utafiti wa mbung'o yalikuwa huko huko Shinyanga. Watu walitolewa kwa maelfu, chini ya watemi wao, kwenda kukata pori. Tusidanganyane: mbung'o ni adui wa kweli wa ng'ombe na wa mtu, na wafugaji wengi walifurahia kupata malisho. Lakini dawa ya mkoloni ilikuwa moja tu, kukata. Baada ya pori likaja zao la pamba, ambalo soko lake lilikuwa nje na bei yake ilipangwa nje. Mkulima aliyetaka kulipa kodi na kununua nguo alipanua shamba, na fedha ya ziada akaiweka katika benki pekee aliyoiamini, yaani ng'ombe. Mashamba yakaongezeka, ng'ombe wakaongezeka, nyika ikapungua.

Mkoloni alipoona udongo unakwisha alifanya kile ambacho mtawala asiyechaguliwa hufanya siku zote. Alitoa amri. Mpango wa Maendeleo ya Usukuma, ulioanza mwaka 1947, ulikuja na masharti ya matuta, ya kupunguza mifugo kwa lazima, na faini kwa asiyetii. Uluguru nako kulikuwa na mpango wa matuta ya ngazi, na mwaka 1955 wananchi waliasi. Sharti la matuta lenyewe lilikuwa na hoja ya kitaalamu ndani yake, maana udongo ulikuwa ukimomonyoka kweli. Wananchi walichokataa ni kulimishwa na mtu ambaye hawakumpa madaraka, kwa faida wasiyoiona. Ndiyo maana harakati za uhuru zilipata nguvu kubwa katika sehemu hizo hizo, hata TANU ikapigwa marufuku Usukuma kuanzia mwaka 1954 hadi 1958. Kada wa leo anayetaka kuelewa harakati za mazingira asianzie kwenye mikutano ya kimataifa. Aanzie kwenye matuta ya Uluguru. Huko atajifunza kwamba uhifadhi wa kulazimishwa huzaa upinzani, na kwamba upinzani huo unaweza kuwa wa haki kabisa.

Sasa tujikosoe. Baada ya uhuru hatukuachana moja kwa moja na tabia ya amri. Mwongozo wa TANU wa 1971 ulipima maendeleo kwa madaraka ambayo wananchi wanayo juu ya maisha yao wenyewe, na katika nadharia hatujapata kipimo bora zaidi ya hicho. Lakini mwishoni mwa 1973 kuishi katika vijiji kulitangazwa kuwa ni lazima, na Operesheni Vijiji ikaendeshwa kwa haraka hadi 1976. Shule zilijengwa, zahanati zilijengwa, visima vilichimbwa, haya hayakanushiki. Ila katika Shinyanga familia zilihamishwa mbali na maeneo yao ya kale, na pamoja na nyumba ziliacha kitu ambacho wapangaji hawakukiona kwenye ramani. Kitu hicho ni ngitili.

NGITILI NI NINI

Ngitili ni eneo la malisho linalofungwa mvua zinapoanza na kufunguliwa kiangazi kinapokolea. Ilikuwa akiba ya ndama, ya ng'ombe wazee na wagonjwa, na ya wale wa kulima, ambao hawawezi kufuata kundi linalokwenda mbali kutafuta majani. Hakuna mzungu aliyeibuni wala wizara iliyoibuni. Ni hesabu ya mfugaji: nyasi zisizoliwa Machi zitaokoa uhai Septemba. Ndani ya ngitili miti huachwa ikue, kwa sababu kivuli ni sehemu ya malisho, na kwa sababu humo hupatikana dawa, asali, matunda ya porini na fito.

Familia iliyohamishwa haiwezi kuilinda ngitili iliyo mwendo wa saa mbili kutoka kijijini. Na ngitili isiyo na mwenyewe si ngitili tena. Ni pori la kila mtu, na pori la kila mtu katika nchi ya ng'ombe wengi halidumu. Ilipofika mwaka 1986, ngitili zilizokuwa zimebaki na kujulikana zilikuwa na ukubwa wa hekta 600 hivi. Ni mwaka huo huo Serikali ilipoanzisha Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, kwa msaada wa Norway. Baadaye, kuanzia mwaka 1991, kituo cha utafiti wa kilimo mseto, ICRAF, kikajiunga.

Mwanzoni HASHI nayo ilianza na miche: bustani za miche, miti ya kigeni, magari ya kugawa. Matokeo yalikuwa haba. Kilichoibadilisha kazi ile ni kwamba maofisa walikubali kukaa chini na kuuliza. Wakaambiwa juu ya ngitili. Wakaonyeshwa jambo ambalo kila mchunga mbuzi analijua: katika ardhi inayoonekana kufa, visiki bado viko hai na mbegu bado zimo udongoni. Kinachohitajika ni kuziacha, yaani kufunga eneo, kuzuia moto na kuzuia mifugo kwa misimu michache. Msitu hujipanda wenyewe.

Lakini kufunga eneo ni tendo la kisiasa. Lazima awepo mwenye uwezo wa kusema "hapa pamefungwa" na akasikilizwa na mwenye ng'ombe 200. Hapa ndipo taasisi za wananchi zilipoingia. Liko dagashida, baraza la wananchi la Kisukuma linalokaa, kubishana na kutunga kanuni; na wako sungusungu, walinzi wa jadi walioibuka upya mwanzoni mwa miaka ya 1980 kupambana na wizi wa ng'ombe. Kanuni za ngitili zilipitishwa katika mabaraza hayo, zikaungwa mkono na sheria ndogo za serikali za vijiji, na sungusungu wakazisimamia. Aliyevunja alitozwa faini mbele ya watu anaowajua. Msomaji atambue tofauti iliyopo kati ya faini hii na faini ya bwana shamba wa mkoloni. Huenda kiasi kikawa kile kile, lakini aliyeitunga ni mwingine.

Miaka kumi na mitano baadaye ngitili zilikadiriwa kuwa kati ya hekta 300,000 na 500,000, katika vijiji 833. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 na Wizara ya Maliasili na Utalii pamoja na shirika la IUCN ulikadiria kwamba mazao ya ngitili, yaani kuni, malisho, mbao, dawa, asali na mengineyo, yalikuwa na thamani ya dola 14 kwa mtu kwa mwezi, kiasi kilichozidi wastani wa matumizi ya mtu wa kijijini nchini wakati huo. Wanawake waliokuwa wakitembea mbali kutafuta kuni walipunguziwa saa kadhaa za safari. Hewa ya ukaa iliyonaswa katika miti hiyo haikuwa ndiyo nia ya mtu yeyote pale kijijini. Ilinaswa tu, kwa sababu watu walitaka nyasi na kuni. Wataalamu wa ng'ambo wanaoandika juu ya "suluhisho la tabianchi" wanalitaja jambo hili juu juu. Sisi tunaliona ndilo kiini: umma haukuombwa ujitolee kwa ajili ya anga, ulirudishiwa madaraka juu ya ardhi yake, na anga ikafaidika.

Tulinganishe na Kondoa. Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ilianza mwaka 1973, miaka 13 kabla ya HASHI. Makorongo ya Kondoa Irangi yalikuwa ya kutisha, na matuta na miche havikutosha. Mwaka 1979 ikatolewa amri: mifugo yote, zaidi ya 80,000, iondolewe katika eneo la kilometa za mraba 1,256. Ikaondolewa. Majani yakaota, miti ikarudi, makorongo yakaanza kutulia. Kwa macho ya mpiga picha Kondoa ilifaulu. Lakini ng'ombe hawakuyeyuka. Walipelekwa katika tambarare za jirani, na mzigo wao ukahamia kwa watu wengine. Wenye ndugu huko chini waliwakabidhi ng'ombe wao, na asiye na ndugu aliuza kwa bei ya mnunuzi. Kwa muda wa miaka kumi mama wa Kondoa hakuwa na maziwa ya ng'ombe wake mwenyewe, mpaka mwaka 1989 ilipoanza kuruhusiwa mifugo michache ya kufugia ndani. Hatusemi Kondoa iachwe ife. Tunasema kwamba hifadhi mbili zilirudisha majani, na moja tu ndiyo iliyorudisha madaraka.

WAMO NA WASIOMO

Baadhi ya wenzetu wangependa tuishie hapo, na hadithi ya Shinyanga ibaki tamu. Nadharia haituruhusu. "Jamii" si kitu kimoja. Ndani ya jamii yamo matabaka, zimo jinsia mbili, na vimo vizazi.

Chukua umilikaji. Katika uchunguzi wa vijiji 172 zilihesabiwa ngitili 18,607. Za jumuiya zilikuwa 284 tu. Zilizobaki zote ni za kaya. Sasa kaya ipi huweza kufunga hekta nyingi? Ni ile yenye ardhi nyingi na ng'ombe wengi. Maskini mwenye shamba la ekari mbili hawezi kufunga kitu. Kiangazi hununua malisho kwa jirani yake tajiri, au hukata kuni kwa ruhusa yake, na tajiri huongeza kipande kingine mwaka unaofuata. Kwa hiyo kazi ile ile iliyoponya ardhi inaweza, isipoangaliwa, kuzaa mabwana wa majani. Dawa yake si kuvunja ngitili za kaya, kwani hilo lingekuwa kurudia kosa lile lile la operesheni. Dawa ni kupanua ngitili za vijiji, za shule na za vikundi, na kuyalinda maeneo hayo yasimegwe na wenye uwezo kwa kisingizio cha uwekezaji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaupa Mkutano Mkuu wa Kijiji, yaani wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na zaidi, kauli katika ugawaji wa ardhi ya kijiji. Ni silaha nzuri, lakini silaha isiyotolewa alani haimtishi mtu.

Chukua wanawake. Anayekata kuni ni mwanamke, anayejua dawa ya mtoto ni mwanamke, anayeona kwanza kwamba kisima kimepungua ni mwanamke. Lakini dagashida kwa desturi lilikuwa baraza la wanaume, na ngitili ya kaya hurithiwa na mtoto wa kiume. Sheria ya 1999 imesema kwamba mila inayomnyima mwanamke haki ya ardhi haina nguvu, na kwamba katika Baraza la Ardhi la Kijiji lenye wajumbe saba, watatu wawe wanawake. Tumeona mabaraza ambamo watatu hao wameketi nyuma, wakiulizwa maoni baada ya uamuzi. Kiti hakijawa sauti. Kada anayehesabu wanawake waliohudhuria bila kuandika walichosema amefanya nusu ya kazi, tena nusu iliyo rahisi.

Kule Zanzibar sura ya jambo hili ni kali zaidi. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza mwaka 1989, na tangu mwanzo wakulima wake walio wengi walikuwa wanawake. Kwa mara ya kwanza wengi wao walishika fedha isiyopitia mkononi mwa mume. Maji ya pwani yalipozidi kupata joto, mwani aina ya kotonii, wenye bei nzuri, ukaanza kuugua na kufa katika maji mafupi. Uliobaki ni spinosamu, wa bei ya chini. Wataalamu wamependekeza mwani wa bei upandwe katika maji marefu, ambako joto ni dogo. Ushauri ni sahihi kwa mwani. Lakini maji marefu yanataka mashua, na yanataka kujua kuogelea, na mashua ni za wanaume. Bila mafunzo na bila vyombo vilivyo mikononi mwa wanawake wenyewe, dawa ya tabianchi itakuwa njia ya kuwanyang'anya zao lao. Haki ya tabianchi kwa mama wa Paje kwanza ni mashua.

Halafu tuchukue wafugaji, ambao katika hotuba nyingi ndio washtakiwa wa kudumu. Ardhi ilipobana Shinyanga, Wasukuma wengi walihama na ng'ombe wao kwenda Rukwa, Mbeya na Morogoro. Baadhi walifika bonde la Usangu. Mto Ruaha Mkuu ulikuwa umeanza kukauka nyakati za kiangazi tangu mwaka 1993, na mwaka 2006 ukatolewa mkakati wa haraka wa kuhifadhi vyanzo vya maji. Wafugaji wakaondolewa Ihefu, wengi wakielekezwa Lindi, na njiani ng'ombe wengi wakafa au kuuzwa kwa bei ya kutupa. Ni kweli kwamba ng'ombe wengi mno huharibu ardhioevu. Ni kweli vilevile kwamba mashamba makubwa ya mpunga yalikuwa yakichukua maji ya mto huo huo kwa mifereji, na mfereji hauwezi kusukumwa kwa fimbo. Aliyefukuzwa ni yule anayetembea. Tukumbuke kwamba baba yake alishafyekeshwa pori na Mwingereza, akahamishwa na operesheni, ndipo yeye akahama kwa shida ya malisho. Mtu aliyehamishwa mara tatu kwa jina la maendeleo na hifadhi ana sababu ya kutoamini neno "ushirikishwaji".

JUU YA VIZAZI

Sensa ya mwaka 2022 ilituhesabu kuwa watu milioni 61.7, na karibu nusu yetu ni chini ya miaka 18. Katika mazungumzo ya mazingira vijana hawa huitwa taifa la kesho. Ni sifa yenye hila ndani yake, kwa sababu wa kesho hana kura leo. Siku ya kupanda miti hupangwa mstari, huvishwa fulana, hupigwa picha. Mwezi mmoja baadaye mbuzi wamekula miche, na hakuna aliyewahi kuwauliza wanafunzi hao maji ya kumwagilia yangetoka wapi, ingawa wao ndio wanaoyateka.

Hatukubaliani pia na kosa la upande wa pili, la wale wanaodhani kijana kwa ujana wake tu ni mwanamapinduzi na mzee kwa uzee wake ni kizuizi. Shinyanga inapinga fikra hiyo. Bila wazee waliokumbuka ngitili, wataalamu wangeendelea kupanda miti ya kigeni. Lakini wazee hao hao walikuwa wameikumbuka kwa miaka kumi bila kuweza kuifufua. Ilihitaji vijana wa sungusungu wa kuilinda usiku. Kumbukumbu bila nguvu ni masimulizi, na nguvu bila kumbukumbu ni operesheni.

Tatizo halisi kati ya vizazi ni la mali. Kijana wa Maswa mwenye miaka 22 anataka kuoa na anataka shamba. Baba yake ana ngitili ya hekta nne. Kwa kijana hekta hizo ni ekari kumi za pamba au choroko, au ni magunia ya mkaa yanayouzika wiki hii. Kumwambia habari za uhai wa sayari ni kumdhihaki, ikiwa hana chake katika kile anachoambiwa akilinde. Katika vijiji vilivyofanya vizuri, vijana wamepewa mizinga ya nyuki ndani ya ngitili, au haki ya kuvuna fito kwa zamu, na fedha ya nyasi za ngitili ya kijiji hujenga darasa ambalo wadogo zao wanaliona. Huo ndio urithi wenye maana, nao haungoji baba afe.

Mkaa wenyewe unastahili neno. Mchomaji huonekana mhalifu, lakini gunia lake halipikii kijijini. Linapanda lori kwenda mjini. Mwaka 2024 Serikali ilizindua mkakati wa miaka kumi wa nishati safi ya kupikia, wenye lengo la kufikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034, na mwezi wa Januari mwaka huo huo taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 zilitakiwa kuacha kuni na mkaa. Lengo ni zuri na litaokoa mapafu ya mama zetu. Lakini mama ntilie hununua mkaa wa kopo, kwa sababu mapato yake ni ya siku. Mtungi wa gesi hutaka fedha ya mwezi mzima kwa mara moja. Bila kulitatua hilo, nishati safi itabaki ya wenye mishahara.

Kwamba vijana wanaweza kusogeza mambo makubwa, tunao ushahidi wa karibuni. Mwaka 2019 wanafunzi 27 wa sheria wa Chuo Kikuu cha Pasifiki ya Kusini, watoto wa visiwa vinavyomezwa na bahari, waliamua kuishawishi serikali moja ipeleke suala la tabianchi katika Mahakama ya Kimataifa ya Haki. Vanuatu ikakubali. Machi 2023 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likapitisha azimio la kuomba ushauri wa mahakama hiyo, na tarehe 23 Julai 2025 mahakama ikatamka kwamba mataifa yana wajibu wa kisheria kulinda tabianchi, na kwamba taifa linalovunja wajibu huo linaweza kudaiwa fidia. Mwezi wa Mei mwaka huo huo, Umoja wa Wanasheria wa Afrika ulipeleka ombi la namna hiyo katika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo makao yake yako Arusha. Wanafunzi wa Pasifiki hawakuanza na fulana. Walianza kwa kusoma, kuandika barua na kutafuta nani ana madaraka ya kuuliza swali lao.

Liko jambo moja ambalo litavipima vijiji vyetu katika miaka ijayo, nalo ni biashara ya kaboni. Kampuni hufika, hupima msitu, na huuza ng'ambo hesabu ya hewa iliyonaswa. Kijiji hupata mgawo. Haya si ya kukataliwa kwa hasira. Wahadzabe wa Yaeda, baada ya kupata hati miliki ya kimila ya pamoja mwaka 2011, wamelinda nchi yao na kupata fedha kwa njia hiyo, na vijiji vinane vya Wilaya ya Tanganyika, Katavi, vimejenga madarasa na zahanati. Lakini tuione picha yote. Mnunuzi wa ng'ambo mara nyingi hununua haki ya kuendelea kutoa moshi wake. Na mikataba hii ni ya miaka 20, hata 30. Wanaotia saini leo ni wajumbe wa halmashauri wenye umri wa miaka 50 na 60. Watakaoishi ndani ya masharti yake, wakizuiwa kulima hapa na kuchunga pale, sasa hivi wako darasa la nne.

Kwa hiyo mkataba wa namna hiyo ukifika kijijini, kazi ya kada si kuharakisha muhuri. Adai usomwe wote katika Mkutano Mkuu, kwa Kiswahili na kwa lugha ya mahali, bei na muda na masharti ya kuuvunja, na usomwe siku isiyokuwa ya mnada wala ya gulio ili wanawake na wachungaji waweze kufika. Wanafunzi wa shule ya msingi waletwe na mwalimu wao, wakae mbele. Sheria haiwapi kura, lakini haiwakatazi kusikia, wala haimkatazi mmoja wao kunyoosha mkono na kuuliza fedha za mwaka wa 29 zitalipwa kwa nani.